Ua Nyuma ya Jiko

Kasaanyi, Singo
9 Februari 1964

Kwa kaka yangu Yozefati Mubiru,

Salamu nyingi za huku nyumbani. Sisi wazima, ila goti langu la kulia linanisumbua kila asubuhi, na yule mbuzi mweusi amekufa kwa kumeza kamba. Kahawa imechanua vizuri. Shangazi Eseza anakusalimu. Anauliza kama huko Mbale kalamu zimeisha, maana tangu tumzike baba hajapata mstari wako hata mmoja. Mkeo na watoto hawajambo?

Sasa kaka, jana namenya matoke nikasikia nyundo nyuma ya jiko. Kutoka nje, nawaona wanaume wawili wamepiga kigingi hatua mbili tu kutoka ukutani kwangu. Nikawauliza wamepotea au wamelewa. Mmoja akasema, "Mama, sisi tumetumwa. Kiwanja kimeuzwa na kinaishia hapa." Kimeuzwa na nani? "Na mwenye hati, yule mwalimu wa Mbale."

Mwalimu wa Mbale ninayemjua ni mmoja. Ng'ambo ya mtuba wa baba, ule mti wa kutolea nguo za magome, wameshaanza kuchimba msingi wa nyumba. Huko ni kwako, sina neno. Lakini kutoka jikoni hadi mtuba, hatua arobaini, ni kwangu. Baba alinigawia mbele ya ukoo. Hapo ndipo ninapooga, ndipo zilipo mboga zangu, na ndipo lilipo kaburi lake. Nilimuuguza miaka tisa ndani ya nyumba hii, Yozefati. Ng'oa hicho kigingi.

Dada yako,
Peresi Namubiru


Mbale
2 Machi 1964

Dada mpendwa Peresi,

Nimepokea barua yako nikiwa katika afya njema kwa neema ya Mungu. Mke wangu hajambo, watoto wanasoma kwa bidii, na darasa langu la kilimo limepata sifa kutoka kwa mkaguzi. Pole kwa mbuzi. Mwambie shangazi kazi ni nyingi.

Kuhusu jambo lako, nakuomba upunguze sauti. Mrithi wa baba ni mimi. Nilivishwa nguo ya gome mbele ya ukoo, na hati ina jina langu. Kauli ya mgonjwa kitandani hakuna aliyeiandika. Kiwanja kinaishia ukutani kwa jiko, na nyumba yako sijaigusa. Wengine wangekutoa kabisa.

Hata hivyo mimi si mtu wa kudhulumu. Mwaka huu mpima ataletwa, na mtongole, mkuu wa kijiji, ataitembea mipaka pamoja na mnunuzi. Desturi unaijua kama mimi: mwenye neno husimama mpakani siku hiyo, akasema mbele ya mnunuzi. Asiyesimama amekubali. Basi siku hiyo njoo usimame useme, hakuna atakayekufunga mdomo.

Mnunuzi ni mtu mwema, wala si mgeni kwako. Utamfurahia.

Kaka yako,
Y. Mubiru


Kasaanyi
20 Machi 1964

Kwa Yozefati,

Hatujambo. Mvua imeanza.

Nimemfahamu mnunuzi wako, na nilivyomfahamu nitakueleza, ucheke ushibe. Jumatano natoka kuoga, nimejifunga kitambaa kimoja, maji yananitiririka. Nainua macho, ng'ambo ya mtuba kasimama mwanamume na kofia yake anaukagua msingi. Erisa Kyeyune! Mume wa Kasalina, binti yangu wa kuzaa! Mkwe wangu!

Nilijitupa kwenye maharagwe, Yozefati, na goti hili. Naye alijitupa kwenye msingi, nikasikia kishindo. Tulikaa hivyo, mimi na siafu, yeye na tope, kila mmoja anaogopa kuinua kichwa, mpaka Shangazi Eseza alipokuja akapaza sauti, "Mkwe, fumba macho uondoke! Na wewe, lala hapohapo!" Tangu hapo nina mtetemeko mkononi, na shangazi anasema ni ule ugonjwa wa kuonana na mkwe, nichemshiwe dawa.

Mkwe na mavyaa hawatazamani, hawapishani njia moja, hawapeani hata kikombe. Hilo hata mtoto wa Kiganda analijua. Na wewe, katika watu wote wa Singo wenye haja ya kiwanja, umemwona huyo. "Njoo usimame useme mbele ya mnunuzi." Mbele ya Kyeyune! Ulijua kabisa kwamba huyo ndiye mtu pekee duniani nisiyeweza kusimama mbele yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Nililia, sikufichi. Nililia hadi matoke yakaungua.

Binti yangu hakujua. Anasema ulimwambia mumewe kwamba mimi mwenyewe nimeridhia, nataka wajukuu karibu.

Haya. Nyumba itajengwa, madirisha matatu yanatazama uani kwangu. Siwezi kuishi nimelala kwenye maharagwe. Wewe unafundisha kilimo: niambie mti gani unakua upesi, ukafunga uwazi kabla mwaka haujaisha. Matete nimeyajaribu, mchwa wameyala kwa wiki tatu. Walau hilo nisaidie.

Peresi


Mbale
12 Aprili 1964

Dada Peresi,

Salamu za Pasaka. Tumekula kuku wawili.

Nimesoma habari za maharagwe nikamsomea mke wangu. Tulicheka, utusamehe. Pole kwa goti. Nafurahi kuona umeanza kuzungumza kwa busara: mwanamke wa umri wako anahitaji sitara kuliko anavyohitaji kesi.

Sikiliza sasa somo, na hili wanafunzi wangu hulisikiliza wakiwa wamekaa kimya. Mkaratusi unakwenda juu haraka, lakini chini hubaki uchi, mkweo ataiona miguu yako na wewe utaiona kofia yake. Tena unakunywa maji, kisima chako kitakauka. Mianzi ni mizuri, ila mizizi yake hutembea chini kwa chini kama umbeya. Utaamka siku moja inachipua chini ya kitanda. Alizeti pori hukua mvua moja tu, lakini ni gugu la barabarani, lingekutia aibu. Mti wa heshima ni msaipresi, ule wa makanisani. Ukiukata vizuri unakuwa ukuta. Nakutumia mbegu ndani ya bahasha hii. Una miaka saba ya kuungoja, na subira haijamuua mtu.

Mambo mawili uyashike. Kwanza, panda karibu na jiko, palepale penye kigingi, upate maji ya vyombo. Pili, usipande mtuba, wala usipande mlamula. Mlamula ni mti wa mipaka, na mtuba ukiota watu husema hapo pana mwenyewe. Sitaki maneno.

Kaka yako mwenye kukujali,
Y. Mubiru


Kasaanyi
30 Mei 1964

Kwa mwalimu,

Tumeamka salama. Shangazi Eseza alilazwa siku nne kwa kifua, sasa amepona na anatukana watu kama zamani. Kasalina ana mimba ya pili. Kaburi la baba limeota nyasi upande wa kichwa. Nimepalilia mimi.

Mbegu zako za kanisani nimewapa kuku. Miaka saba! Wewe unataka nioge siku ya kiama.

Nimechagua mwenyewe. Nilizunguka kijijini nikitazama nyua za watu, nikawauliza wanawake, maana wao ndio wanaooga nje. Mzee Nakanwagi alinipa vijiti vya mbono kutoka kwenye zizi lake, vya urefu wa mkono, unene wa mpini wa jembe. Nilivikata mshazari, nikavilaza kivulini siku tano utomvu ukauke, maana ukivipanda vibichi huoza. Mbuzi hagusi mbono, na mchwa haupendi. Nimepanda safu mbili zilizopishana, nafasi ya mguu mmoja. Na kwa kuwa mbono unahitaji muda wa kujaza majani, mbele yake nimechomeka hilo gugu lako la barabarani, alizeti pori. Aibu haijanipata bado. Wiki tano tu, linanifika kifuani. Kila likinyoosha shingo nalikata ncha, ndipo linapanuka chini. Hilo hukuwafundisha watoto wa watu?

Umenipa pole ya goti, hukuniuliza kaburi. Mpima anakuja lini?

Peresi


Kasaanyi
18 Agosti 1964

Yozefati,

Hatujambo. Barua yangu ya Mei naona imeliwa na panya wa Mbale, au wewe umeingia ububu.

Mkwe amehamia tangu Julai. Ua umenipita kichwa. Namsikia akikohoa, naye akikohoa najua yuko wapi, nami nikimwaga maji anajua niko wapi, tunaishi kwa masikio. Jumapili alimtuma Kasalina aniletee robo ya mbuzi, akasema kwa nguvu upande wa pili, "Mwambie mama ua wake ni mzuri." Nikajibu kwa nguvu nami, "Mwambie asante, mfupa uwe wa mchuzi." Mtetemeko umekwisha. Dawa ya shangazi nilimwaga.

Mpima anakuja lini? Nauliza mara ya pili.

Peresi


Mbale
25 Septemba 1964

Dada Peresi,

Nilikuwa na malaria, ndiyo maana sikuandika. Kisha kulikuwa na mashindano ya mahindi. Kisha mengine.

Nimepata habari zisizonipendeza. Mtu aliyetoka huko ameniambia ua wako haupo karibu na jiko nilipokuelekeza. Anasema umeupanda kule kwenye mtuba, mstari mzima, hadi kwenye mtaro. Peresi! Nilikuambia upande wapi? Hatua arobaini ndani ya ardhi ya watu! Umekuwa ukinilamba miguu kwa barua za kuulizia miti huku unaninyang'anya. Nakuamuru uukate. Usipoukata, siku ya mipaka utang'olewa na kuchomwa, na majivu yake utapikia.

Halafu usijidanganye. Ua wa mbono si ushahidi. Kila mwanamke ana ua wa mbono. Kinachotazamwa ni nani amesimama mpakani akasema. Mpima anakuja Jumanne, tarehe 15 Desemba, saa nne asubuhi. Mtongole Zirimenya atakuwepo, na mnunuzi atakuwepo, yaani mkweo, ana kwa ana. Nakukaribisha sana. Vaa vizuri.

Mimi nitakuwa nasimamia mitihani. Nimempelekea mtongole barua yangu yenye mhuri wa shule, inatosha.

Y. Mubiru


Kasaanyi
8 Oktoba 1964

Yozefati,

Asante kwa tarehe. Ndiyo tu niliyokuwa naitaka.

Peresi


Mbale
29 Oktoba 1964

Peresi,

Ulikuwa unaitakia nini? Nijibu kwa barua inayofuata. Nimeuandikia pia ukoo kuwa wewe si mzima wa akili tangu uugue ule mtetemeko.

Je, umeukata?

Y. M.


Kasaanyi
20 Desemba 1964

Kwa Yozefati Mubiru, mrithi,

Salamu. Sisi wazima. Kasalina amejifungua mtoto wa kike, mama na mwana hawajambo. Kahawa imevunwa. Shangazi Eseza amepata meno mapya na anayaonyesha kila mahali.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na shughuli. Kuna kitu mwalimu wa kilimo hukuniambia, au hukukijua: kiangazi kikianza mbono humwaga majani. Mwishoni mwa Novemba nilitoka nikaona madirisha ya mkwe kupitia vijiti. Moyo ulinipasuka. Miezi saba ya kazi, na ua unanivua nguo wiki mbili kabla ya siku yangu! Nikawa natilia maji ya kuogea, ya vyombo, ya kunawia, ndoo kwa ndoo na goti hili. Alizeti pori ikashukuru ikabaki kijani. Mbono haukushukuru. Matundu yote nikayaziba kwa majani makavu ya mgomba, nikasuka usiku na mchana kama mtu anayejenga kibanda. Chini nikaacha uwazi wa shibiri moja. Kwa makusudi.

Jumanne ilipofika nilitandika mkeka upande wangu wa ua, chini ya mtuba, nikavaa vizuri kama ulivyoagiza. Saa nne nikasikia viatu. Mpima, mtongole, wanaume sita wa kijiji, na kikohozi cha mkwe. Mtongole akasoma barua yako yenye mhuri: mpaka ni ukuta wa jiko. Akauliza, kama desturi, "Kuna mwenye neno?"

Nikasimama nikasema, "Mimi ninalo."

Kisha nikasikia mkwe amegeuka akaketi kwenye nyasi, ameupa ua mgongo, kama mtu aliyelelewa. Mtongole akasema, "Peresi, uko wapi wewe?"

"Niko mpakani."

"Hatukuoni."

"Wewe unataka kuniona wa nini? Mkwe wangu yuko hapo. Desturi inasema mwenye neno asimame mpakani aseme. Haisemi atazamwe."

Wale wanaume wakaanza kucheka. Zirimenya akasema, "Nitajuaje umesimama? Pengine umekaa jikoni unapiga kelele."

Nikavua ndara. Nikapitisha mguu wa kushoto chini ya ua, kwenye ile shibiri, mpaka kisigino kikakaa juu ya mzizi wa mtuba. "Mtongole," nikamwambia, "inama uutazame. Huo ni mguu wa nani?"

Akainama. Mzee mzima, kanzu yote vumbi. Akasema, "Ni wa Peresi, naujua kwa kovu la jembe." Ndipo nikasema yote: kauli ya baba, siku aliyoisema, waliokuwepo. Wawili kati ya wale sita walikuwepo, wakasema ndivyo. Sikulia. Nilikuwa nimelia Machi.

Mpima akainua ile karatasi yako, akauliza, "Na huyu mwenye hati?" Zirimenya akamwambia, "Huyu ameleta barua, na barua haina mguu." Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Utalisikia neno hilo hata Mbale, limeshaanza safari.

Kisha akaongea mkwe, huku amegeuka bado, akimwambia mtongole ili anifikie mimi. "Mwambieni mama, mimi niliuziwa hadi jikoni, na niliambiwa mwenyewe ameridhia. Lakini kwetu hakuna mtu aliyewahi kununua bafu la mavyaa wake. Nikirudi kwetu nikasema hivyo, watanifukuza. Nami kaburi silinunui. Mpaka ni hapo ulipo mguu wa mama." Akasema pia kwamba yaliyobaki atayamaliza na wewe, uso kwa uso, maana nyinyi wawili hamkatazwi kutazamana.

Mlamula ulipandwa siku hiyohiyo, vijiti vitatu, mbele ya wote: kimoja kwenye mtuba, kimoja katikati, kimoja mtaroni. Wewe ulinikataza nisiupande. Sikuupanda mimi, ameupanda mtongole. Kigingi cha jikoni aliking'oa Shangazi Eseza kwa mkono wake, amekifanya fimbo ya kufukuzia kuku.

Sasa neno la mwisho. Barua zako zote ninazo hapa ndani ya sanduku. Nimezisoma tena jana kuanzia ya kwanza. Humo mna kuku, mna mkaguzi, mna mahindi, mna miti ya kanisani. Neno "kaburi" halimo hata mara moja. Miaka tisa nilimgeuza baba kitandani, akiuliza kila basi la Jumamosi kama umekuja. Kwenye mazishi ulifika udongo umeshajaa, ukavishwa urithi, ukaondoka na basi la jioni. Nadhani unaogopa kupita pale. Basi ukaona heri pauzwe.

Mvua zikirudi majani yatarudi, na ua utakuwa mnene kuliko mwaka huu. Hatapenya hata kuku. Ila nimeacha pengo moja, upande wa kaburi la baba, maana wewe ni mtoto wake na mahali pako pa kulala ni pale, sina uwezo wa kukunyima. Nimelipima kwa hatua: linatosha watu wanne waliobeba mmoja. Siku hiyo utapita, na nitakupalilia kama ninavyompalilia yeye.

Kabla ya siku hiyo, usipite.

Peresi